Turubai la Wafadhili

Mtu akija kwangu akauliza kwa nini ile picha kubwa niliyojichora mwenyewe nimeigeuzia ukutani, huwa namjibu kwamba rangi imechuja. Si kweli. Leo nawaambia, na mcheke tu, maana aibu hii nimeibeba peke yangu mpaka imenichosha.

Mimi ni mchoraji wa Tunduma. Nachora simba na kuandika majina kwenye mabodi ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na nimezoea kuchora huku honi zinalia, utingo anabishana na mbadilisha fedha, na mama lishe anataka sahani yake. Basi nikapata ufadhili wa wasanii: unapewa nyumba milimani huko Ileje, rangi na chakula, unakaa miezi sita unachora bila kusumbuliwa na mtu, gharama zote zinatoka kwenye michango ya watu wanaopenda sanaa. Ila katikati ya muda kamati ya wafadhili inakuja kuona kazi zako na unavyoishi na majirani. Ikiridhika unaendelea, isiporidhika nafasi anapewa mwingine. Niliitaka nafasi ile kwa udi na uvumba.

Shida ilikuwa hapo kwenye kutosumbuliwa. Jamani, sikusumbuliwa. Ukungu unashuka asubuhi, watu wanapita kwenda kwenye mashamba ya kahawa wakiongea Kindali chao, mimi Mnamwanga nabaki kutabasamu dirishani. Niliona haya kutoka na kuwafuata (mimi huyu, ninayegombana na madereva wa malori), na wao nadhani waliona haya kumgongea mlango mtu wa wafadhili. Jioni nikiwasha redio, mtangazaji akisema habari za jioni, naitikia nzuri. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kujichora, kwa sababu sura nyingine ya kuchora sikuwa nayo.

Siku ya kamati ilipokaribia mvua ilikuwa haikatiki, nikaona wageni watalowa, nikakodi turubai na viti kule Itumba, vikaletwa na gari asubuhi, jamaa wakafunga, wakaondoka zao. Mpaka hapo sawa. Sasa nikawaza, kamati wakipotea njia je? Nikaichukua ile picha yangu (pua nilikuwa nimeipunguza kidogo, na miaka pia), nikaiegemeza kwenye kiti pale getini, nikaizungushia kitambaa cheupe na maua, nikaitazama nikajisifu, kisha nikaenda kuoga.

Mnajua wenyewe, kijijini turubai hufungwa kwa harusi au msiba, na harusi haikuwa imetangazwa kanisani. Mimi hilo wala halikunijia kichwani.

Nilikawia bafu la nyuma nikisugua rangi kwenye kucha, nikiwa bado huko nikasikia kilio. Nikajua jirani kafiwa, na watu wamekimbilia kwangu kwa sababu ya turubai. Nikavaa haraka, nikajitanda kanga mpaka usoni, nikatoka nikakuta uwanja umejaa watu, wanaume kwenye viti, wanawake chini, kuni zimerundikwa, mtu kaleta maharage, mtu kaleta unga. Nikakaa kando ya mama mmoja mtu mzima nikalia. Nililia kweli, machozi ya tangu siku niliyofika.

Nilipotulia kidogo nikamuuliza, "Mama, nani ametutoka?"

"Yule dada mchoraji, mwanangu."

Nikaivuta kanga usoni zaidi. "Alikuwa anaumwa?"

"Hata hatujui. Alikuwa hatoki. Tungejua anaumwa tungemletea hata uji."

Hapo ndipo ningesema. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kuniita mwanangu, na mkono wake ulikuwa begani kwangu, una joto. Nikajiambia bado kidogo, nitasema.

Bado kidogo hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu gari la kamati likaingia. Akashuka mama mmoja, kiongozi wao, akaona umati akatabasamu, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Ona alivyokaa na watu vizuri." Kabla hajafika kwenye kiti, Mzee Kibona, mwenyekiti wa kitongoji, akasimama kuwashukuru wageni waliotoka mbali kuja kumsindikiza ndugu yetu. Tabasamu la yule mama likakatika.

"Sasa," mzee akaendelea, "kabla mchungaji hajafika, tunaomba mtu atusaidie wasifu. Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Mvua ikawa inapiga turubai, watu wakatazamana, na katika umati wote ule uliokuja kunililia hakutokea hata mmoja wa kusema.

"Yunisi," nikasema.

"Wewe umemfahamu wapi?"

Nikashusha kanga. "Ndiye mimi, mzee. Sijafa. Nilikuwa naoga."

Mkono ukatoka begani kwangu. Wapo waliokimbia, wapo waliocheka, na Mzee Kibona akanigombeza mbele ya wafadhili kwamba kifo hakichezewi, nikaomba radhi nimepiga magoti kwenye tope. Baadaye akasema kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani, basi yakapikwa maharage yale, watu wakala, kamati nayo ikala, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yule mama aliyenishika bega alikuwa wa mwisho.

"Basi, Yunisi," akasema, "sasa jina tunalo. Siku ukifa kweli tutakulilia vizuri."

Kamati iliandika kwa upole kwamba picha ni nzuri, lakini msanii aliyekaa kijijini muda wote huo bila jirani kumjua jina hawawezi kumruhusu aendelee. Kilichoniuma ni kwamba siku zile za kufungasha mizigo ndipo watu walianza kunigongea: Yunisi, umeamkaje, Yunisi, chukua ndizi. Nilikuwa naitikia huku nakunja maturubai ya picha.

Nilirudi Tunduma kwenye honi zangu. Picha yangu sitaiweka tena getini, maua sitaki hata kuyaona. Na nikipata nafasi ugenini, kabla sijafungua kopo la rangi nakwenda kugonga mlango wa jirani, namwambia naitwa Yunisi, nimehamia hapo, na ni mzima.