Kazi Niliyopata kwa Kuwa Bubu

Sikuwa na koti la baridi. Sikuwa na ndugu katika nchi ile, wala rafiki wa rafiki. Sikuwa na cheti cha maana, kwa sababu elimu yangu niliipata kwenye madarasa ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, nimekunjamana kwenye kiti cha mtoto. Lugha ya wenyeji sikuwa nayo hata ya kuombea maji.

Ila sauti nilikuwa nayo. Nene, safi, ya kumwita mtu ng'ambo ya mto akageuka.

Sasa niambieni ilikuwaje nikafanya kazi miezi na miezi nikiwa bubu, na mimi mwenyewe sina habari.

Tulieni. Na ninyi wajuaji mnaopenda kuandika "uongo huo" kabla hamjafika nusu, nanyi tulieni.

Nyumba tuliyopanga watu wa kwetu ilikuwa na jiko moja, choo kimoja na mfalme mmoja. Mfalme tulimwita Balozi.

Balozi alitutangulia kwa miaka mingi. Alivaa miwani ya jua hata akiwa anakula. Kila mgeni akifika, yeye ndiye mkalimani wake: kwa mwenye nyumba, hospitali, kwenye kutafuta kazi.

"Mimi lugha yao hata usingizini ninayo," alikuwa akituambia. "Nikikoroma, nakoroma kwa lugha yao."

Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akiiongea. Dukani alinyoosha kidole tu. Siku moja nikamuuliza sababu. Akanitazama kama tope kwenye kiatu.

"Mdogo wangu, mtu mkubwa haombi. Anaonyesha."

Nikaona ni hekima. Mwenye njaa huona hekima hata kwenye chafya.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye kiwanda cha kufulia alikofanya kazi. Kilifua mashuka ya hospitali na hoteli. Akaniacha nje kwenye benchi, akaingia ofisini. Kupitia kioo nikamwona mbele ya mama mmoja wa makamo, msimamizi, akirusha mikono, akininyooshea kidole, akigusa mdomo, akitikisa kichwa. Akatoka anapangusa jasho.

"Nimeongea mpaka koo limekauka. Umepata. Ila sikiliza: mgeni aliye kwenye majaribio haruhusiwi kufungua mdomo kazini. Ndiyo sheria yao."

"Hata salamu?"

"Unataka kazi au unataka salamu?"

Nilitaka kazi. Mke wangu alikuwa kwetu akingoja, na kibali cha kumleta kilitolewa kwa mwenye kazi ya kudumu tu. Nisipothibitishwa, ndoa yangu ingebaki kuwa picha ukutani.

Nikafunga mdomo.

Nikapelekwa chumba cha pasi. Mashine za mvuke mle zilipiga kelele ya kupasua fuvu. Tulikunja mashuka wawili wawili, huyu ncha hizi, yule ncha zile, mnakutana katikati kama watu wanaotaka kucheza dansi. Na wote mle walizungumza kwa mikono. Vidole, nyusi, mashavu.

Nikasema moyoni, kumbe Balozi hakudanganya. Hapa kweli maneno ni marufuku.

Mwenzangu wa kukunja alikuwa mama mmoja mwenye mabega ya mpagazi. Akanifundisha: hivi ni shuka, hivi ni moto, hivi ni msimamizi anakuja, hivi ni msimamizi amenuna. Haukupita muda tukawa tunasengenya vizuri kabisa.

Jioni nikajiandikisha darasa la lugha. Balozi aliposikia, alicheka mpaka akakohoa.

"Baba mzima na begi la shule! Utasoma, kisha utamtukana bosi wa watu bila kujua. Lugha hii haifundishwi, kaka. Inaingia yenyewe."

"Kwako iliingilia wapi?"

"Hapa," akajigonga kifua.

Debe tupu haliachi kuvuma. Nikaenda darasani hivyo hivyo. Mke wangu, ambaye yuko hapa pembeni anashona kifungo cha shati langu na amekisikia kisa hiki mara nyingi kuliko anavyotaka, anasema niongeze kwamba nilifanya mazoezi ya matamshi chooni mpaka wapangaji wakagonga mlango. Sawa. Nimeongeza.

Siku ya kuthibitishwa ikafika. Nikaitwa ofisini. Balozi akanivuta kwenye kona, akaninong'oneza: "Tabasamu, tikisa kichwa, toka."

Nitikise kichwa kama mbuzi? Mimi? Kwa jambo la mke wangu?

Nikaingia, nikavua kofia, nikasema kwa lugha yao kama nilivyojizoeza:

"Habari za asubuhi, mama. Naomba kuthibitishwa kazini, na naomba karatasi ya kumleta mke wangu."

Kikombe kilimponyoka. Akapiga ukelele. Mhasibu akaja mbio kutoka chumba cha pili, nyuma yake mlinzi. Wakanitazama kama maiti iliyoketi kitako ikaomba uji.

"Sema tena," msimamizi akasema.

Nikajua nimeharibu sarufi. Nikarudia, safari hii kitenzi nikakinyoosha. Mhasibu akashika ukuta.

"Wewe si bubu?"

"Mimi?"

"Bubu na kiziwi! Chumba cha pasi tumewatengea viziwi. Kelele zile haziwasumbui. Ndugu yako alikuombea nafasi kwa ishara."

"Kwa ishara? Kwa nini asiseme?"

Akashusha sauti, kama anayempa mtu habari ya msiba.

"Kwani hujui? Ndugu yako naye ni bubu. Tangu tumwajiri hajawahi kutamka neno."

Nikatazama dirishani. Kule uani Balozi alikuwa akisukuma toroli la mashuka machafu, midomo ameibana kama pochi ya bahili.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Msimamizi alipotulia alinieleza bila kuzunguka. Nafasi niliyokalia ilikuwa ya kiziwi, na yuko anayeingoja. Mwisho wa mwezi nitoke. Ila ofisi ilikuwa inatafuta mtu wa kudumu wa kusimama kati yao na chumba cha pasi, anayejua mikono na anayejua mdomo.

"Waombaji wote huandika barua kwa lugha yetu, kwa mkono wao, na kuituma kwa posta. Wewe pia. Sitakupendelea, nimechoka kudanganywa na ukoo wenu." Kisha akauliza: "Na huyo ndugu yako, anaongea au haongei?"

"Mama, huyo muulize mwenyewe."

Nikarudi kwa mwenzangu wa kukunja. Nikamweleza kwa mikono: nasikia, naongea, sikujua. Nilitegemea kofi. Akanipiga usoni kwa foronya mbichi.

"Nilijua tangu mwanzo," vidole vyake vikasema. "Mlango wa chuma ukibamizwa nyuma yako, wewe unaruka."

"Mbona hukunisema?"

"Nilidhani una njaa."

Nikashika ncha zangu za shuka, tukaendelea kukunja.

Jioni Balozi akaingia jikoni bila miwani. Wapangaji walikuwa wanamenya viazi.

"Umeniuza!"

"Sijakuuza. Nimemwambia akuulize mwenyewe."

"Si ndiko kuniuza huko! Ameniita kesho. Nitamjibu kwa lugha gani mimi?"

Visu vikasimama.

Mpangaji mmoja, fundi viatu, ambaye Balozi alikuwa akimsindikiza hospitali kumfasiria maumivu yake, akainuka polepole.

"Balozi. Madaktari wale ulikuwa unawaambia nini kuhusu tumbo langu?"

"Nilikuwa... naonyesha."

"Ndiyo maana wakaning'oa jino?"

Balozi akaangalia chini. Akasema siku yake ya kwanza kazini alinyamaza ili asichekwe. Siku ya pili akaona haya kuanza. Miaka ikapita juu ya haya hiyo, mpaka akapata kazi, jina na miwani.

Nilimhurumia? Kidogo, kama unavyomhurumia mwizi aliyeteleza. Haya ilikuwa yake, lakini sisi ndio tuliobebeshwa.

Akanigeukia kwa sauti ya asali. "Mdogo wangu, sema umepona. Miujiza ipo. Kesho twende pamoja, tuseme tumeombewa."

"Tuseme kwa lugha gani?"

Fundi viatu akacheka mpaka akashika shavu lenye pengo.

Vijana mnaofunga mizigo kwenda ugenini, nawaambia bila kuwabembeleza. Lugha iliyovunjika si aibu. Watakucheka, nawe utapata kazi huku wanacheka. Lakini akija mtu kukwambia "nyamaza, nitakusemea," mwambie aseme kwanza yeye, mbele yako, kwa sauti. Wengi wao watakuonyesha kidole.

Nikaenda chumbani, nikakaa kitandani, sanduku la nguo likawa meza. Niliandika pole pole, nikifuta na kuandika. Barua ilianza hivi: "Mimi si bubu. Sarufi yangu bado ni mgonjwa, lakini inatibiwa kila jioni." Nikaweka jina langu kamili chini, kwa herufi kubwa.

Nilipoinua kichwa, Balozi alikuwa amesimama mlangoni.

"Lete basi," akasema, mkono ameunyoosha. "Nikukagulie makosa."

Nikalamba gundi. Nikaikandamiza bahasha kwa kiganja, kona hadi kona. Nikampita pale mlangoni, nikavuka barabara mpaka kwenye sanduku la posta, nikaitumbukiza mwenyewe.