Nyumba Niliyoinyamazisha

Binti yangu aliporudi nyumbani Tabora kujifungua mtoto wake wa kwanza, mimi ndiye niliyeamuru nyumba iwe kimya. Hakuna aliyeniomba. Mke wangu alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mambo ya uzazi kwangu yalikuwa kama ofisi ya mtu mwingine niliyoachiwa funguo zake. Nikashika lile moja nililodhani naliweza, kuzuia kelele. Nilizungushia kitambaa komeo la geti lisigonge. Nilimwendea fundi wa kuchomelea aliye ng'ambo ya njia, nikamwomba asikate vyuma mchana. Redio niliichomoa kwenye umeme. Waliokuja kumwona mzazi niliwapokea mlangoni nikiwa nimeweka kidole mdomoni, nao wakavua viatu wakaingia kwa kunyata.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya wale watu wa mjini ambao babu zao walikuja na misafara, wakaoa huku, wakabaki. Kuta zake ni nene lakini hazifiki kwenye paa. Anayegeuka kitandani chumbani anasikika sebuleni, na anayekohoa sebuleni anasikika chumbani. Nimeishi humo tangu kuzaliwa, kwa hiyo jambo hilo nilikuwa nimeshalisahau.

Mtoto, msichana, alizaliwa salama na sauti kali. Shida ilianza tulipofika naye nyumbani. Akiwekwa kwenye titi alidaka, akavuta kidogo, kisha akaachia, akakaza mgongo kama ubao na kulia. Mama yake alimgeuza huku na huku. Mimi nilikuwa sebuleni, kwenye kiti changu kinacholia kila nikijigeuza, nimetega sikio.

"Anameza?"

"Bado, Baba."

"Jaribu upande wa pili."

"Nimejaribu."

Nikawa nasubiri. Nikisikia amehama mkao kitandani, nauliza tena.

Asubuhi moja tulimpeleka kliniki. Muuguzi alimbonyeza mtoto ngozi ya pua akaangalia rangi yake, akauliza nepi ngapi zimelowa. Zilikuwa chache mno, na ya mwisho ilikuwa na alama ya njano iliyokolea. Alimshika binti yangu begani akamwambia amlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amnyonyeshe kila mara bila kungoja alie. Kisha akanigeukia mimi.

"Babu, mrudisheni kesho asubuhi nimpime tena. Kama nepi zitaendelea kuwa kavu tutamlaza na kumlisha kwa mpira. Na akilegea kabla ya hapo, msingoje kesho."

Njiani, ndani ya bajaji, binti yangu alimkumbatia mtoto kifuani. Alikuwa amevuta khanga mpaka puani. Mume wake alikuwa Urambo. Tumbaku yao ilikuwa kwenye zamu ya kuuzwa na hakuweza kutoka. Kwa hiyo alimtuma mama yake kutoka Goweko.

Mama huyo alitukuta tumerudi tu. Alikuja na jogoo amefungwa miguu, furushi la nguo na unga wa mtama, akapika uji kabla hata ya kukaa, akanipa na mimi bakuli. Ni Mnyamwezi wa shamba, mrefu, mwenye mzaha mwingi. Tunaitana mkwe. Sikuwa nimewahi kukaa naye zaidi ya siku ya harusi.

Aliingia chumbani. Baada ya muda nikasikia sauti ambayo haikuwa imesikika katika nyumba ile tangu nipate akili: chaka, chaka, chaka, taratibu, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu bila haraka. Pamoja nayo aliimba kwa chini, kwa Kinyamwezi, maneno ambayo sikuyashika.

Nilisimama. Nikaenda mpaka kwenye pazia la mlango.

"Mkwe, hiyo ni nini?"

"Kibuyu."

"Kina nini ndani?"

"Mtama. Unaogopa mtama, mkwe? Uji wake si umekunywa sasa hivi ukaomba uongezewe?"

Binti yangu alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu ajifungue, na mimi, badala ya kushukuru, niliona wananicheka.

Inabidi nieleze. Vibuyu vya kutikisa, manyanga, mimi nimekua nikiviona mikononi mwa waganga. Baba yangu alituambia tukivisikia tubadilishe njia. Watu wa mjini tulijijengea fahari kwamba mambo hayo ni ya wale wa vijijini, ingawa mama mzaa baba yangu alitoka huko huko vijijini, na bila shaka alijua kukitikisa kibuyu kuliko huyu mgeni.

"Manyanga hayapigwi humu ndani," nikasema. "Hii ni nyumba ya swala."

"Hakuna anayeita mzimu hapa. Nawabembeleza mama na mtoto. Wanangu wote wamenyonya kwa hiki, na baba yake huyu ni mmoja wao."

"Nakiomba, mkwe."

Chaka chaka ikakoma. Pazia likasogea, mkono ukatoka na kibuyu kidogo cha kuenea kiganjani, cheusi kwa kushikwashikwa, kimezibwa kwa kipande cha gunzi na nta.

"Haya, mwenye nyumba. Ila unifundishe namna ya kukaa humu. Nikae kama nimekuja kuzika?"

Nilikipeleka nyuma ya jiko. Ningeweza kukiweka tu kabatini. Lakini nilitaka kujua, au niseme kweli, nilitaka kukuta kitu: kikaratasi, kitambaa chekundu, jino la mnyama, chochote cha kunionyesha kwamba nilikuwa sahihi. Gunzi lilikuwa limeshika. Nikatia ncha ya kisu pembeni yake nikaegemea, na kibuyu kikapasuka kutoka shingoni hadi kitakoni. Mtama ukamwagika chini. Nilipekua kwa kidole. Ulikuwa mtama mtupu, mdogo, wa zamani. Kuku wakaja, na yule jogoo wa Goweko akiwa amefungwa miguu akawa anajiburuta kuelekea kwao.

Vile vipande viwili nilivifunga kwenye kitambaa nikavisukuma nyuma ya debe la maji.

Mchana ule nyumba ilikuwa kimya nilivyotaka. Nilikaa kitini. Mtoto alilia, akawekwa, akaachia, akalia. Niliuliza kama anameza. Nikaambiwa bado. Ilipofika alasiri kilio chake kilikuwa kimepungua. Kilikuwa chembamba, cha kukatikakatika, na mimi niliyekuwa nimepigana na kelele zote za mtaa nikawa naomba moyoni alie kwa nguvu. Kisha akanyamaza.

"Anameza?"

Nikasikia mkwe anapigapiga nyayo za mtoto kwa vidole, anamwita, "We bibi, we bibi, amka." Mtoto akatoa mguno.

"Nampigia mtu wa bajaji!" nikasema. "Twendeni hospitali."

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Binti yangu alisimama pale amemshika mtoto kifuani, khanga imefungwa ovyo, macho mekundu. Hajawahi kunipandishia sauti maishani mwake, na hata siku ile hakuipandisha.

"Baba, unanisikiliza."

"Nakusikiliza, mama. Sema."

"Hapana. Tangu nimerudi unanisikiliza. Nikimweka tu mtoto, kiti chako kinaacha kulia. Najua umebana pumzi huko. Najua swali linakuja. Mwili wangu wote unafunga, Baba, hata meno. Kibuyu kilipokuwa kinalia nilikuwa sikusikii. Nilikusahau. Alikuwa ameshika! Maziwa yalianza kushuka, nilihisi yanachoma, alikuwa anavuta, ndipo ukaja mlangoni." Akavuta pumzi. "Kirudishe."

Nilikuwa na simu mkononi. Nikaiweka mezani.

"Nimekipasua," nikasema.

Mkwe alitokea nyuma yake. "Umekipasua?"

"Nilitaka kuona kilichomo."

"Ukaona?"

"Mtama."

Mkwe aliangalia chini kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari ya jamaa wa mbali, kisha akainua uso akamwangalia mtoto. Heri angenitukana.

"Kuna redio," nikasema.

"Redio inasema maneno," binti yangu akajibu. "Nitayasikiliza maneno. Nataka kitu kisichosema."

Mtoto akageuza kichwa, akafungua mdomo bila kutoa sauti. Mkwe akauliza, "Kuna ungo katika nyumba hii?"

Ulikuwepo, umetundikwa jikoni, hakuna aliyeugusa tangu mke wangu afariki. Nikauleta. Nilidhani atauchukua yeye, lakini hakunyoosha mkono.

"Mimi nitamwegemeza mzazi mgongo. Wewe uliyekipasua utapepeta."

"Mimi? Sijui kupepeta."

"Nani amekuambia tunataka mchele safi? Tunataka sauti. Kaa nje, chini ya dirisha lake. Na usinyamaze."

Tukakubaliana jambo moja, na ni binti yangu aliyelisema: adhana ya magharibi ikitoka kabla mtoto hajanyonya, tunakwenda hospitali vyovyote alivyo. Nilimpigia mtu wa bajaji asogee karibu, akaegesha nje ya geti.

Nikakaa uani juu ya kigoda, mchele kwenye ungo, nikaanza. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa aibu. Niliurusha mchele juu mno, nusu ukaangukia magotini. Nilipounyanyua kidogo tu haukulia. Ikanibidi nikumbuke mikono ya mke wangu, jinsi alivyovuta ungo kwake ndipo auinue, na polepole nikaipata ile sauti: shwaa, kituo kidogo, shwaa. Kama mvua inayopita juu ya mabati na kurudi.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi, akachungulia juu ya ukuta.

"He! Babu! Umeolewa lini?"

Nikasimamisha ungo ili nimjibu. "Pita zako!"

"Napita, ila huo mchele unauosha kwa vumbi?"

Kutoka dirishani ikaja sauti ya binti yangu, ya haraka, ya chini:

"Baba, usiache!"

Nikaendelea. Jirani alipoona uso wangu akaondoka.

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimemfanyia binti yangu. Kwa sababu sasa mimi nilikuwa sisikii chochote. Masikio yangu yalijaa mchele. Sikujua kama mtoto ameshika au ameachia, kama analia au amelala ule usingizi mzito wa kutisha. Kila kiungo changu kilitaka kutulia kidogo tu, nipate kusikia kidogo tu, kisha niendelee. Nilikuwa nimeuita mapenzi, ule usikilizaji. Labda yalikuwa mapenzi. Lakini mtu hawezi kufungua mwili wake huku mtu mwingine amesimama juu yake anauhesabu, hata kama huyo ni baba yake, na zaidi kama ni baba yake.

Mabega yakawaka moto. Nilihamisha uzito, nikabadili kasi. Jua likateremka nyuma ya mabati ya jirani. Yule wa bajaji alipiga honi mara moja, ya kukumbusha, nikamwinulia kidevu asubiri.

Adhana ikatoka.

Hakuna aliyetokea. Nikangoja pazia la dirisha lisogee, nimwone binti yangu amejitanda tayari kwa safari. Halikusogea. Huenda wanajiandaa. Huenda jambo limeharibika ndani na hawajui waniambieje. Muadhini akafika mwisho, na sikuwa nimewahi kumsikiliza hadi mwisho nikiwa nimekaa na kazi mkononi. Shwaa, kituo, shwaa. Sikuita. Nilijiuma ulimi nisiite.

Ndipo mkwe akatoka kwenye mlango wa ua. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu akaitandaza khanga yake kwa mikono miwili. Ilikuwa imelowa kutoka kiunoni hadi magotini.

"Tazama adabu za mjukuu wako," akasema. "Amekunywa mpaka maziwa yanamtoka puani, halafu akaamua bibi yake ndiye choo."

Ungo ukatua mapajani mwangu.

"Mkwe," nikasema, "kile kibuyu. Kilikuwa kimewalea wanao wote. Nimekuvunjia kitu ambacho siwezi kukutafutia kingine. Na sikukivunja kwa bahati mbaya. Naomba unisa—"

"Mkwe."

"Naam."

"Nitakasirika nikifika Goweko. Nitakasirika vizuri, nafasi ninayo." Alikuwa tayari amegeuka kurudi ndani, khanga inamganda miguuni. "Sasa hivi bado titi la pili. Pepeta."