Nesi Akikuuliza Umeamkaje

Nakumbuka siku moja ya usichana wangu, mwanangu, nikiwa naumwa tumbo hadi natembea nimejikunja. Shangazi yangu, aliyenilea kule Bukombe, akanipakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Mganga akaniuliza, "Hujambo binti?" Nikapiga goti kama tulivyofundishwa nyumbani, nikajibu sijambo, shikamoo. Akauliza naendeleaje, nikasema vizuri tu. Akaona binti mzima huyu, akanipa vidonge vya kutuliza maumivu, tukatoka.

Nje shangazi akanisimamisha. "Wewe, umekuja kutibiwa au kusalimiana?" Akanishika mkono, akanirudisha ndani, na safari hii nikasema yote, hata yale ya aibu. Nikatibiwa, nikapona. Shangazi alishatangulia mbele ya haki, lakini swali lake ninalo mpaka leo.

Sasa mimi ndiye bibi, naishi Nyasubi hapa Kahama. Mume wangu, Baba Kulwa, alichimba dhahabu upande wa Bugarama mpaka mvi zikamtoka. Wachimbaji wana tabia moja. Asubuhi, kabla ya kushuka kwenye duara, yaani lile shimo lao, mtu akiulizwa hali anasema "freshi", hata kama ametoka kutapika. Anayelalamika anaachwa juu, eti analeta nuksi. Baba Kulwa aliishi na vidonda vya tumbo kwa mtindo huo miaka nenda rudi, akivituliza kwa maziwa na vidonge vya duka la dawa. Nilisema mpaka nikachoka. Alipokubali kupimwa, madaktari wakakuta saratani ya tumbo. Wakamfanyia upasuaji, wakaondoa sehemu ya mfuko wa chakula, kisha wakamruhusu aendelee na dawa akiwa nyumbani.

Hospitali ikatuunganisha na huduma yao ya simu. Kila asubuhi ujumbe wa nesi unaingia: "Shikamoo Baba Kulwa, umeamkaje? Umekula? Umetapika? Choo kina rangi gani?" Mgonjwa anajibu, nesi anasoma, na akiona jambo la hatari anapiga. Mume wangu alikuwa anajibu kila siku bila kukumbushwa, nami nikatulia.

Asubuhi moja nikamkuta ameegemea mlango wa choo, jasho linamtiririka, midomo imepauka. Nikachungulia ndani. Choo alichopata kilikuwa cheusi kama lami. Nikachomoa simu kwenye mfuko wa kaptula yake nione alichomwandikia nesi. Siku zote jibu ni lilelile: "Marahaba mwanangu, salama kabisa. Poleni na kazi."

"Baba Kulwa! Umemwandikia nini huyu mtoto?"

"Mtoto kaniamkia kwa heshima," akasema, sauti haitoki. "Sasa shikamoo ya mtu niijibu kwa habari za choo?"

Nilipandwa na hasira, sikufichi, na chini ya hasira kulikuwa na hofu tupu. Nikamwambia, "Mimi sitaki kuwa mjane wa mtu mwenye adabu. Hii huduma ya simu ulipewa utibiwe au usalimiane?" Akanyoosha mkono aninyang'anye, ananiambia nitamwaibisha. Nikamuuliza choo kimekuwa hivyo tangu lini. Akainamisha kichwa, akasema tangu juzi. Nikakaa palepale chini, nikaandika: "Choo cheusi tangu juzi. Amelegea, hawezi kusimama. Mimi ni mke wake."

Nesi alipiga simu hata sijainuka. Wala hakutaka habari za asubuhi. Alisema hiyo ni dalili ya damu kuvuja tumboni, tusimpe chochote mdomoni, tutafute gari sasa hivi, naye atawaarifu wenzake wa hospitali ya hapa mjini. Tulipofika walikuwa wanatusubiri. Wakamwongezea damu, wakazuia ile iliyokuwa inavuja. Daktari aliniambia kwamba kama tungengoja mpaka jioni, tungekuwa tunaongea mengine.

Sitakudanganya kwamba amepona. Saratani bado tunapambana nayo, na kuna siku uji unamshinda. Lakini hatupambani tena gizani. Juzi ujumbe uliingia, nikamwona anavaa miwani, anaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Nikachungulia begani kwake: "Marahaba mwanangu. Leo hali sio nzuri. Nimetapika, na tumbo linauma." Sijawahi kufurahia habari mbaya kama siku ile. Hata nilimkaangia yai, ingawa alikula nusu tu.

Basi sikia, mwanangu. Jirani akikusalimia, mwambie salama, huo ndio utu wetu na usiuache. Ila mtu wa hospitali akikuuliza hali, awe mbele yako au awe ndani ya simu, huyo anatafuta ugonjwa ulipo, usimfichie kwa adabu. Damu iite damu. Choo cheusi sema cheusi. Ukishindwa kushika simu, mpe mkeo aandike. Na tumbo linalokuuma kila mara usilibembeleze kwa maziwa, nenda kapimwe ungali na nguvu za kwenda.

Mungu akupe afya, akupe na mtu wa kukurudisha ndani ukitoka kwa daktari hujasema kitu. Na siku utakapomwandikia nesi "salama kabisa", Mungu ajalie iwe kweli.