Kiberiti cha Mama

Harufu ya waragi inayochemka haitoki kwenye nguo hata uifue mara ngapi. Nilikulia ndani yake hapa Masaba, miaka ile ya mwanzo wa uhuru: muhogo uliochacha, kuni mbichi, na ule ukali unaochoma pua. Mama alikuwa mpishi wa pombe hiyo, na hakuuza kabla ya kupima. Alimimina kijiko kimoja, akakitia kiberiti. Moto ukiwa wa buluu, anasema, "Hii imeiva." Ukikataa kushika, anamwaga. Watu walivuka mpaka kutoka upande wa Kenya wakimfuata kwa sababu ya kijiko hicho.

Msimu mmoja wa mvua pipa lake lilitoboka, akanunua mtungi wa waragi iliyokwisha pikwa kwa mchuuzi wa Tororo. Akapima. Buluu safi. Baba akaonja wa kwanza, ndiyo desturi ya mwenye nyumba, na hakuishia kuonja. Kesho yake mchana akauliza, "Mbona hamfungui mlango?" Mlango ulikuwa wazi. Hakuona tena mpaka tukamzika. Baadaye tulisikia kwamba mchuuzi alitia spiriti ya kuwashia karabai ili kinywaji kiwe kikali, lakini shangazi hakutaka kujua. "Wifi, mwenye kijiko ni wewe. Ulipima nini?"  Mama hakupika tena. Alimshika baba mkono mpaka shambani, akamrudisha, miaka yote, mdomo umefungwa.

Mimi niliishia darasa la pili. Mjukuu wangu Nafula anasoma kemia Chuo Kikuu cha Busitema, na nikimtaja kanisani sinyamazi mpaka nimalize sifa zake. Juzi tukichambua maharagwe akaweka punje moja mbele yangu, na kijiti ubavuni.

"Kukhu, punje hii ni kaboni, kijiti ni mkia wa oksijeni na hidrojeni. Hii ni methanoli, ile ya spiriti ya karabai, ndiyo inayoua macho. Ongeza punje moja, mkia uleule: ethanoli, ile ya waragi. Mwanzo wa jina, 'meth' au 'eth', unahesabu kaboni; mwisho, 'oli', unataja ukoo."

"Kumbe ni ndugu."

"Ndugu kabisa."

"Na ukiziwasha?"

"Zote buluu, Kukhu. Kiberiti hakiwezi kuzitenganisha."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu kaniletea jibu la swali la shangazi. Siku hizi mtoto anajua kwa punje mbili kile kilichomfunga mama mdomo maisha yake yote. Lakini shangazi yuko kaburini, mama yuko kaburini, na miguu yangu imechoka kubeba habari isiyo na wa kuipokea. Nikazirudisha punje kwenye ungo, tukaendelea kuchambua.