Sabuni Isiyoonjwa Mwezi wa Ramadhani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nilambe sabuni. Nilikuwa msichana kutoka Kaloleni, miguuni viatu vya kuazima, nimesimama katika chumba cha kupikia cha kiwanda kimoja cha Changamwe huku mvuke ukinijaa machoni. Msimamizi wa Chumba cha Kupikia, mzee wa Kijomvu aliyefunga kikoi juu ya suruali, akakata kipande chembamba kutoka kwenye mche uliopoa, akaninyooshea.

"Haya, gusisha ulimi."

Nikadhani ananifanyia mzaha wa wageni. "Mzee, si nitaharisha?"

"Sikukwambia umeze. Nimekwambia gusisha."

Niligusisha. Ulimi ukashtuka kana kwamba nimelamba betri ya redio, machozi yakanitoka, na wapishi wote wakacheka. Mzee hakucheka. Alinieleza kuwa ile ni kostiki iliyobaki bila kuliwa na mafuta, na kwamba sabuni yote ya tangi lile ingerudi motoni.

"Rangi yaweza kukudanganya, mwanangu, na marashi pia," akasema. "Ulimi wako sijui kama utakudanganya."

Ninyi mnaojifunza sabuni kwenye simu, nawaomba mnivumilie kidogo hapa. Kostiki ni ile chumvi nyeupe kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ukiikosa, una mafuta tu. Ikizidi, unaunguza ngozi ya mtu. Kazi nzima ya mpishi wa sabuni ni kuhakikisha kostiki yote imekutana na mafuta na kwisha. Kiwandani tulichemsha, tukamwaga chumvi ya kawaida ili sabuni ielee juu na maji machafu yabaki chini, tukamimina kwenye makasha, tukakata miche. Mashine za kupimia zilikuwepo, lakini hakuna mche uliotoka mlangoni kabla mzee hajaugusisha ulimi. Aliponiachia mimi kazi hiyo nilitembea kwa maringo hadi nyumbani, nikawatangazia majirani kwamba nimepandishwa cheo. Wakaniuliza cheo gani. Niliposema ni cha kulamba sabuni, walinihurumia.

Kiwanda kilipopunguza watu, nilipata kazi katika hoteli moja ya Shanzu. Kwanza nilikuwa chini ya Mkuu wa Vyumba, mwanamke aliyepitisha kidole juu ya kila mlango kutafuta vumbi na, wallahi kama wasemavyo jirani zangu, alilipata. Baadaye nikahamishiwa chumba cha masaji. Mkuu wa huko alikuwa mama wa bara, na kila akirudi likizo kwao alibeba mifuko ya majani ya chai ya kijani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyatia kwenye sabuni, nami nikamfundisha kuonja.

Kuonja hakukumpendeza. Siku moja alinikuta ukumbini na kipande mdomoni.

"Mama Karisa, wageni wanakuona!"

"Waache wanione nikilamba, kuliko mimi niwaone wakijikuna."

Alinuna kutwa. Kesho yake alinikatia kipande yeye mwenyewe, akasimama kusubiri jibu.

Nilipostaafu nilihamia Shika Adabu, kule Likoni, nyumba iliyopakana ukuta na ya Bi Zuhura, mjane mcheshi, mpishi hodari na mbishi kupita kiasi. Tulianza kutengeneza sabuni uani kwake. Unaichemsha chai ya kijani ikolee, unaichuja, unaiacha ipoe kabisa, hata igande ukipenda. Halafu unatia kostiki kidogo kidogo ndani ya chai. Usimimine chai juu ya kostiki kamwe, itakurukia usoni. Glavu na miwani ni lazima, na watoto wawe mbali. Usishtuke ule ukijani ukigeuka kahawia na kunuka, ndivyo ulivyo. Mafuta ya nazi huleta povu, ya zeituni huleta ulaini, na mafuta huzidishwa kidogo ili yabaki ya kuilinda ngozi. Unaimimina ile chai yenye kostiki ndani ya mafuta, unakoroga hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji, na ukidondosha tone juu yake, alama ibaki ikionekana. Unamimina, inaganda, unakata, unaiacha rafuni ipigwe na upepo wiki kadhaa ikomae. Kisha unaonja.

Kuonja kukawa kazi yangu. Bi Zuhura alisema ulimi wake ni wa pilau.

Sasa mjukuu wake, Rukia, alipochumbiwa, shoga zake walimshauri apake mkorogo, yale mafuta ya kuchanganya ya kung'arisha uso. Uso uling'ara kwa muda mfupi, kisha ukachubuka. Mashavu yakatoka mabaka mekundu, akawa haondoi ninja, kile kitambaa cha kufunika uso, hata mbele ya wanawake wenzake. Daktari wa ngozi alimpa dawa, akamkataza mkorogo, akamwambia atumie sabuni laini isiyo na marashi. Sabuni yetu si dawa, nasema hivyo kila siku, lakini haikuwa na marashi, nayo ngozi yake iliikubali. Polepole uso ukaanza kurudi. Harusi ikapangwa Mfunguo Mosi, baada ya Idi.

"Uso huu ukiungua tena, bibi," aliniambia siku moja, "mimi sitoki nje. Na waoe mwengine."

Nilicheka, ila maneno yale yaliniingia.

Sabuni ya harusi aliitengeneza Bi Zuhura mwenyewe mwanzoni mwa Ramadhani, kwa sababu mimi niliitwa Kaloleni kumuuguza mama. Mama alipata nafuu, namshukuru Mungu, nami nikarudi Likoni siku ya singo yenyewe, siku bibi harusi anaposuguliwa na somo, yaani kungwi wake, kwa liwa, karafuu na maji ya waridi. Nyumba ilijaa wanawake na vigelegele. Nikapita moja kwa moja jikoni kuitazama sabuni rafuni, kwa mazoea tu.

Ilikuwa na unga mweupe juu.

Unga ule huweza kuwa jivu tu la hewa, lisilo na madhara. Huweza pia kuwa kostiki. Kwa macho huwezi kutofautisha.

"Zuhura," nikaita, "ni nani aliyeionja hii?"

Akanitazama na upawa mkononi. "Mimi nalikuwa nimefunga, shoga yangu! Nionjeje mchana wa Ramadhani?"

"Na magharibi?"

"Magharibi kuna futari, kuna tarawehe, ndiyo nikumbuke sabuni? Nalijua utaionja wewe ukirudi."

"Na Rukia yuko wapi?"

Upawa ukamponyoka. "Yuwaoga. Somo kashampa kipande."

Sikumbuki nilivyoivuka sebule ile. Nakumbuka nilimkanyaga mtu, naye akalalamika. Nikapiga mlango wa choo kwa viganja vyote viwili.

"Rukia!"

"Abee!"

"Umejipaka usoni?"

"Naam, bibi. Macho nimeyafumba, povu limejaa."

Nikayaona yale mashavu ya zamani, nikaiona harusi bila bibi harusi. "Suuza! Suuza upesi, mwanangu, sabuni hiyo haikuonjwa!"

Maji yakamwagika. Nyuma yangu wanawake walikuwa wameacha kuimba, na Bi Zuhura alikuwa akimwomba Mungu kwa sauti ya kunong'ona. Mlango ukafunguka nusu, ukatoka uso uliolowa, na povu limebaki pembeni ya sikio.

"Bibi, ya nini kelele hizi? Niliionja mimi."

"Wewe?"

"Mimi, kabla sijailowesha. Na tangu nilipoungua na ule mkorogo, hakuna kitu kigusacho uso wangu bila kugusa ulimi wangu. Si wewe ndiye unionyeshaye kila siku pale uani?"

Nikauchukua mkono wake uliokuwa na kipande, nikakigusisha ulimi. Nikasubiri. Hakikuuma. Kilikuwa na ladha ya sabuni tu, ile mbaya ya kawaida, na uchungu mdogo wa chai. Nikaketi pale pale sakafuni kwenye maji nikalia, nikacheka, nikalia tena, na Bi Zuhura akaketi kando yangu na leso yake mpya. Somo akakimega kile kipande akakilamba na yeye, akakunja uso, akasema kama hiki ndicho chakula cha harusi basi yeye anarudi kwao. Vigelegele vikaanza upya.

Rukia akafunga mlango akamalizia kuoga, kisha akatoka ukumbini uso wazi. Siku hizi anaishi Ziwa la Ng'ombe na mumewe, anatengeneza sabuni yake mwenyewe, na sabuni isiyotulia ulimini haitoki kwake.

Watu huniuliza nilistaafu lini. Hoteli walinipa cheti na saa ya ukutani, nikaenda nyumbani nikaendelea kuwa na wasiwasi wa kila mche unaopita mkononi mwangu. Wasiwasi ulinitoka nikiwa nimeketi kwenye maji, mlangoni pa choo cha Bi Zuhura, nikimsikia Rukia ndani akiendelea kuoga na kuimba.