Inasimama Themanini

Kaka yangu mkubwa aliponipa laptopu yake ya zamani, alinipa pamoja na sharti. Ikifika asilimia themanini itaacha kuchaji yenyewe, na nisithubutu kubadilisha. Betri ikikaa imejaa pomoni kila siku, alisema, inapata joto na kuzeeka kabla ya wakati wake. Alieleza kwa upole ambao sijawahi kumsikia akiutumia kwa mtu.

Mama alielewa kabla yangu. Alikuwa anasafisha sotet, kibuyu chake cha kugandishia maziwa ya mursik.

"Hata hii hujazi mpaka mdomo," akaniambia. "Maziwa inataka mahali ya kupumua."

Huyo ndiye mama ambaye daktari alishamkanya asibebe tena kikapu kizito, la sivyo mgongo utamlaza kitandani. Lakini shamba letu la majani chai, hapa juu ya Kapsoit, baba alimwachia kaka, na kaka anaishi Nairobi. Mimi ni mwalimu, nachuma Jumamosi tu. Siku nyingine zote anachuma mama, na alikuwa ameanza kupeleka kikapu nusu, kama alivyoshauriwa.

Kaka akapiga simu. Mama huweka spika, kwa hivyo nilisikia yote.

"Mama, mbona kilo zimeshuka? Siku hizi mnachuma ama mnacheza?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilimpokonya mama simu nikamwambia aje achume mwenyewe. Akakata. Mama ndiye aliyenigombeza, eti huyo ni mwenye boma, haongeleshwi hivyo. Kesho yake alijaza kikapu mpaka majani yakawa yanadondoka njiani.

Alianguka kwenye mteremko wa kuelekea kituo cha kupimia majani. Majirani walimleta wamemshika huku na huku, na tangu hapo hajaweza kuketi bila kuinuliwa. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo.

Kaka alikuja wikendi hiyo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mama, akasema pole, akauliza ni nani atachuma maana majani yanakomaa. Mama akamjibu, uso ukiwa ukutani, kwamba atapata nafuu.

Kisha kaka akaona laptopu mezani, ikiwa kwenye umeme. Akaenda, akaiinua taratibu, akapitisha kiganja chini yake.

"Haina joto," akasema. "Umeitunza vizuri."

Mgongo wa mama hakuugusa.