Kijiko cha Kwanza

Jana mjukuu wangu alifungua chupa ya mafuta ya samaki, na harufu yake ikanirudisha Iringa, nikiwa mtoto. Mama na wenzake wa kanisani walijitolea kuwauguza na kuwafundisha yatima wa Vita vya Pili vya Dunia kutoka Polandi waliobaki katika kambi ya wakimbizi. Msichana mmoja kati yao, wa rika langu, alikuwa amekonda sana na alikataa kila dawa, hata mafuta ya samaki.

"Anadhani ni sumu," mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Kunywa wewe kwanza, mwanangu."

Nikanywa kijiko kimoja cha mafuta hayo, nikajikaza nisikunje uso. Msichana alinitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua kinywa.

Kipupwe chote kile nilikunywa naye kila asubuhi, hadi akapata nguvu ya kukaa darasani.